Redio Inaniita Jina

Kabla ya kuwasha dampa, opereta hujaza karatasi ya ukaguzi. Matairi, breki, taa, honi, mkanda, kizimamoto, redio ya mawasiliano. Kizima unakipigia tiki, kibovu unakieleza kwa maneno, kisha unasaini na kuweka tarehe na saa. Usiku mmoja, katika mgodi mmoja wa ukanda wa dhahabu wa Geita, mdogo wangu alipiga tiki karatasi nzima isipokuwa kwenye redio. Hapo aliandika, kwa ule mwandiko wa wima niliomfundisha mwenyewe kwa chaki kwenye mlango wa bati wa ghala letu Songwa: "Redio inaniita jina hata nikiizima."

Chini yake fundi wa zamu aliandika: "Imekaguliwa. Ni nzima." Akasaini.

Nimeisoma karatasi hiyo mara nyingi kuliko barua yoyote niliyowahi kuandikiwa. Fundi hakukosea, redio ilikuwa nzima kweli. Aliulizwa habari za redio, akajibu habari za redio. Kabla hakujapambazuka mdogo wangu aliliegesha dampa mahali pake, akazima injini, akavuta breki, akaacha kofia ngumu juu ya kiti, akatoka getini bila kuaga. Zamu iliyofuata kampuni ilianza kuhesabu utoro.

Neno hilo ni neno langu la kazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Kishapu, na kila asubuhi naita majina. Pamba ikishapasuka mashambani, daftari la mahudhurio huota mapengo, nami nimeandika "mtoro" mbele ya majina ya watoto ambao sijawahi kufika kwao kuuliza. Mtoro ni mtu aliyeamua. Ndani ya neno lenyewe mna miguu, na mna nia. Sikuwahi kulitilia shaka mpaka lilipomkuta mtu wa tumbo moja na mimi.

Wakati huo daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, lilikuwa bado. Mdogo wangu alivuka ziwa kwa kivuko. Tunajua hivyo kwa sababu kondakta mmoja anayemfahamu alimwona Usagara, amesimama kando ya barabara, viganja vimefunika masikio. Kutoka hapo hadi Maganzo, jirani na kwetu Songwa, ni safari ya saa chache tu kwa basi. Yeye ilimchukua siku tatu, na hadi leo hawezi kueleza alilala wapi. Siku ya nne watoto wachunga ng'ombe walimkuta ndani ya ngitili ya jirani yetu.

Msomaji wa mbali huenda halijui neno hilo. Ngitili ni malisho ambayo Msukuma huyafunga wakati wa mvua ili mifugo ipate cha kula kiangazi kikikaza. Zilikuwa zimekaribia kwisha Shinyanga hadi ulipoanza mradi wa Hifadhi Ardhi, HASHI, mwaka 1986, watu wakazirudisha. Ni mahali pa kimya, na nadhani ndicho alichokifuata. Alikuwa ameketi chini ya mgunga, buti za mgodini amezipanga pembeni sawasawa, masikio ameyaziba kwa pamba mbichi ya shambani, yenye mbegu zake. Nilipoichomoa ilitoka na damu kidogo. Akaninong'oneza, "Kaka, sema taratibu. Wanasikia."

Jioni ile ile msimamizi wake wa zamu alipiga simu. Alikuwa mtu mstaarabu. Alisalimia kwa kirefu, akauliza kama mdogo wangu yupo kwetu, maana kambini hayupo na simu yake haipatikani. Mama alikuwa kwenye kigoda mbele yangu, ungo wa michembe mapajani. Alinitazama, akatikisa kichwa mara moja tu. Nikasema, "Yupo. Ana malaria kali."

"Mpe pole sana, mwalimu. Akipata nafuu alete ED."

ED ni ile karatasi ya daktari ya kumpumzisha mgonjwa kazini. Haikuwepo, kwa kuwa malaria haikuwepo. Alipopiga tena baada ya siku tatu sikuwa na sauti ya kuirudia malaria, nikamwandikia ujumbe kwamba tumefiwa. Baada ya hapo sikupokea tena.

Kwetu mtu akishasemwa kuwa ana wazimu, husemwa hivyo hata akipona. Watoto wake huitwa wa yule wa Mirembe, hata kama hajawahi kuikanyaga hospitali hiyo ya wagonjwa wa akili huko Dodoma. Mama aliwaza ukoo. Mimi niliwaza kazi. Niliona mgodi ukijua kwamba opereta anasikia sauti utamfukuza siku hiyo hiyo, ilhali malaria hakuna asiyeugua. Niliamini kwa moyo wote kwamba ninamlindia ajira yake, na imani hiyo ndiyo iliyokuja kumgharimu.

Tukampeleka kwa mfumu, mganga wa jadi. Alikaa huko siku 9. Simlaumu yule mzee, alimlaza mahali pasafi na alisema naye kwa upole. Kilichonitisha ni swali lililotoka vinywani mwa ndugu zetu usiku wa nane: ni nani aliyemfanyia? Macho ya watu yakaanza kumtafuta shangazi yetu, mjane, ambaye miaka mingi ya moshi wa kinyesi cha ng'ombe jikoni imeyafanya macho yake kuwa mekundu. Mtu wa Shinyanga anajua swali hilo linakoweza kuishia. Vikongwe wa Usukumani wamekatwa mapanga kwa ajili ya macho kama yale. Nililala kwenye kizingiti cha nyumba ya shangazi usiku ule, na kesho yake nikakodi gari kwenda Mwanza.

Daktari wa magonjwa ya akili pale hospitali ya Bugando hakuuliza nani. Aliuliza analala saa ngapi. Mdogo wangu, macho chini, alijibu kwamba tangu apangiwe zamu za usiku mfululizo usingizi wa mchana ulimkataa. Kambini kuna joto, kuna milango inayogongwa, na kwa majuma kadhaa alikuwa akipata saa mbili, siku nyingine hata hizo hazifiki. Daktari alituambia kwamba hali ile inaitwa saikosisi, kwamba ni ugonjwa wenye dawa, na kwamba kukosa usingizi kunaweza kuuamsha kwa mtu ambaye tayari anao ndani yake. Hakutuahidi chanzo kimoja. Alimlaza majuma matatu. Olanzapini ilimpa usingizi, na njaa isiyoshiba. Siku ya sita aliniuliza ng'ombe wetu mweupe amezaa nini, nikatoka nje kwenye korido nikalia.

Akiwa wodini, huko mgodini mambo yalikwenda. Barua ya tuhuma ilitumwa kwa WhatsApp kwenye simu yake, iliyokuwa imezimwa ndani ya sanduku langu la vitabu. Wito wa kikao cha nidhamu ulifuata njia hiyo hiyo. Kikao kilikaa bila yeye, kikapima kauli yangu ya malaria, kikatazama ujumbe wangu wa msiba, kikaamua. Kuachishwa kazi kwa kutokuwepo kazini siku 14 bila ruhusa.

Haya nilikuja kuyajua siku ya 33 tangu tarehe ya barua. Mwakilishi wa wafanyakazi wa zamu yake, kijana wa Kahama, alitumia siku zake za mapumziko kuja hadi Songwa. Aliketi, akanywa maji, akatoa bahasha ya kaki yenye barua ya kampuni. Kisha akatoa karatasi nyingine, imekunjwa mara nne, kutoka mfuko wa shati. "Mwalimu, soma hii kwanza," akasema.

Ndiyo ile ya redio.

Nilikaa na taa hadi usiku wa manane nikisoma sheria kama ninayejiandaa kwa mtihani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha mambo mawili: kwamba sababu ya kumwachisha mtu kazi ni halali, na kwamba utaratibu ulikuwa wa haki. Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, ni kweli zinahesabu kutokuwepo zaidi ya siku 5 za kazi kuwa kosa zito. Lakini zinataja ruhusa, na zinataja pia sababu inayokubalika. Barua ya kampuni ilikuwa na neno la kwanza peke yake.

Kurasa chache mbele, kanuni hizo hizo zina mlango mwingine kabisa, wa mfanyakazi asiyeweza kazi kwa sababu ya ugonjwa. Huko mwajiri haambiwi aitishe kikao cha nidhamu. Anaambiwa achunguze chanzo cha hali hiyo na uzito wake, kama ni ya muda au ya kudumu, kama ipo kazi nyingine ambayo mtu huyo anaweza kupewa, na azungumze naye kabla ya kuamua. Na sheria yenyewe inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Mdogo wangu alikuwa na siku 126 mkononi. Alifukuzwa kwa 14.

Niseme ninavyoamini, maana nimelifikiria kwa miaka. Kampuni ilikuwa na haki ya kumtoa kwenye dampa. Ningekuwa mimi ningemtoa usiku ule ule. Dampa lililojaa mawe likiendeshwa na mtu anayesikia sauti linaweza kuua kundi zima la wachimbaji, na nashukuru kwamba hata ndani ya giza lile aliliegesha. Ubaya ulikuwa kumpitisha mgonjwa mlango wa wakosaji. Ruhusa huombwa na mtu mwenye akili inayoweza kupanga: leo naumwa, nimpigie nani, niseme nini. Ugonjwa huu hushika kwanza mahali hapo hapo panapopangia. Kanuni zinataka taarifa ya kikao itolewe kwa namna ambayo mfanyakazi ataielewa, na apewe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48. Angeielewa nani wiki ile, mtu anayeogopa kugusa simu kwa sababu ndani yake mna watu?

Shauri la kuachishwa kazi isivyo haki lina siku 30 za kufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Sisi tulifika ofisi ya Tume mkoani Geita siku ya 37. Ukichelewa, unaomba kuongezewa muda, na inakubidi uieleze kila siku uliyochelewa. Hapo nilijifunza jambo ambalo laiti ningelijua mapema: ugonjwa uliokula siku za kazi hula pia siku za rufaa. Tume haikututoza ada, na ilimruhusu mtu kuwakilishwa na chama chake, na wakili, au na mtu aliyemchagua mwenyewe. Alinichagua mimi. Nikajaza fomu, nikaambatisha karatasi za Bugando.

Kampuni ilipinga. Hoja yao ilinyooka kama kamba: karatasi za hospitali zinaanza siku ya 15. Basi mtu huyu alitoroka kwanza, akaugua baadaye. Na kuhusu siku hizo 14, familia yenyewe ilisema malaria, kisha ikasema msiba, kisha ikazima simu. Walichapisha ujumbe wangu kwa wino mzito, jina langu juu, saa pembeni: *Samahani bosi tumepatwa na msiba.*

Siku 9 za mfumu hazikuwa na karatasi hata moja. Siku za njiani, ukiacha kondakta aliyemwona mara moja tu, hazikuwa na shahidi. Kilichobaki cha kuunganisha usiku wa kuondoka na siku ya kulazwa kilikuwa ile karatasi ya ukaguzi, na neno langu. Na ili neno langu liaminike sasa, ilinibidi niape kwamba la kwanza lilikuwa uongo.

Hati ya kiapo huandikwa kwa aya zenye namba. Namba 6 ilikuwa hivi: kwamba nilimweleza msimamizi wa mdogo wangu kuwa ana malaria nikijua si kweli. Namba 7: kwamba nilimwandikia kuwa tumefiwa nikijua si kweli. Wakili aliyenishuhudia kiapo aliisoma, akanitazama juu ya miwani, akauliza, "Una hakika, mwalimu?" Nilisaini. Mkono wangu uliokwisha saini ripoti za watoto elfu kadhaa ulitetemeka kwenye herufi ya kwanza ya jina langu.

Tuliongezewa muda. Kisha tukaitwa kwenye usuluhishi, chumba kidogo, meza moja, feni inayolalamika. Nilihofia feni ile kwa ajili yake. Alikuwa amenenepa kwa dawa, shati la kuazima, vidole vinatetemeka kidogo. Upande wa pili alikaa dada mmoja wa rasilimali watu, na sitasahau kwamba alimsogezea mdogo wangu chupa ya maji kabla hajafungua faili lake. Akamuuliza, si kwa ukali, kwa kutaka kujua hasa: "Lakini kwa nini hamkusema? Tungejua tungefanya vingine."

Nilifungua mdomo nijibu kwa ajili yake, kama nilivyozoea. Akaniwekea mkono kwenye goti.

"Mimi nilisema," akajibu. "Niliandika." Akaweka kidole juu ya nakala ya karatasi ya ukaguzi, kwenye safu ya redio.

Dada yule aliisoma. Akaisoma tena, safari hii akifuata mstari kwa kalamu. Hakuna aliyezungumza kwa muda. Msuluhishi akaomba tupumzike dakika kumi, na nilimwona dada yule nje, chini ya mwembe, akiongea na simu kwa sauti ya chini, karatasi ile bado mkononi.

Tulikubaliana siku hiyo. Kiasi cha fedha ni siri ya waliosaini. Niwezalo kusema ni kwamba utoro uliondolewa kwenye jalada lake, siku zake za ugonjwa zililipwa kama siku za ugonjwa, na hati yake ya utumishi haina doa. Hakurudishwa kazini, wala hakutaka. Wapo ndugu walioniona mjinga kwa kutopigania arudi, wakasema nimeuza haki. Mimi naamini haki yake ilikuwa kuitwa mgonjwa, kwa jina lake, na watu waliomwita mtoro. Kazi nyingine ingepatikana.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalieleza kwamba siku bilioni 12 za kazi hupotea kila mwaka duniani kwa sababu ya sonona na wasiwasi. Tangu nilipoisoma hesabu hiyo najiuliza ni siku ngapi ambazo watu wa nyumbani wameziandika malaria, na waajiri wakaziandika utoro, na mwenyewe katikati akabaki peke yake na alichokiandika pasipo kusomwa. Kati yetu sote wiki ile, wazima na wagonjwa, yeye ndiye pekee aliyesema kilichompata. Msimamizi aliyepiga simu alistahili kuambiwa. Sijui angefanya nini. Nilimnyima nafasi ya kuonyesha.

Mama alichelewa kunisamehe kiapo kile. Alisema nimeliweka jina la nyumba kwenye karatasi ya serikali. Asubuhi moja nilimkuta anamhesabia mwanawe vidonge kwenye kifuniko cha chupa ya chai, na jirani aliyepita kuomba moto akauliza ni vya nini. "Vya akili," Mama akajibu, bila kuinua kichwa. "Vinamlaza vizuri." Jirani akachukua moto wake, na kesho yake akarudi kuuliza vinapatikana wapi, kwa ajili ya binti yake.

Siku hizi mdogo wangu ni fundi katika gereji moja Maganzo. Hafanyi kazi usiku. Mwezi uliopita nilikuwa nimeketi naye kwenye benchi la nje, tunakula karanga, ikafika saa ya kufunga. Akanawa mikono kwa sabuni ya unga, akaenda hadi mlangoni kwa mwenye gereji.

"Mzee, kesho sipo. Nina kliniki ya akili Shinyanga."

Mzee alikuwa anahesabu noti. "Kesho Alhamisi?"

"Ndiyo."

"Haya. Ijumaa wahi, kuna injini ya trekta inatoka Mwadui." Akarudi kwenye noti zake, kisha akaita tena, "Nauli unayo?"

"Ninayo, mzee."